Mashine Iliyokuwa Ikiuliza

Kila Jumapili, misa ya pili ikiisha, baba yangu alikuja studio ya redio yetu na kofia yake mkononi, na hakuwa anakuja kunisalimia mimi. Ninalisema mapema ili mtu asinionee huruma nisiyostahili. Aliniambia "Mama, bonjuru," kama baba wa kwetu wanavyowaita binti zao, akakaa kwenye kiti cha mgeni mbele ya maikrofoni iliyozimwa, akangoja nimvalishe kaske, vile visikizi vya masikioni. Alikuja kumsikiliza mke wake.

Mama alikuwa amekufa miaka mitatu kabla. Enzi za uhai wake aliuza maharagwe: alinunua katika mji wa Kiwanja, akauza Goma. Siku moja mwandishi wetu wa kipindi cha kilimo alimkuta katika soko la Kiwanja na kumwekea kinasa sauti mdomoni, bila kujua kwamba huyo ni mama wa fundi wa sauti wa redio yake mwenyewe, yaani mimi. Dakika kumi na nne. Sauti nyingine ya mama hatukuwa nayo. Simu yake ilikuwa ya vitufe, na katika familia yetu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba sauti ya mama ni kitu cha kuweka akiba. Katika zile dakika anaeleza namna ya kutambua maharagwe yaliyolowekwa maji ili yazidi uzito, anawasema wanaofanya hivyo, kisha anasimulia siku lori lilipoharibika Rumangabo na dereva akaingia chini yake na spana, akakaa huko muda mrefu, abiria wakimwonea huruma, kumbe amelala usingizi. Hapo anacheka. Dereva huyo alikuwa baba yangu.

Baba aliendesha malori kati ya Goma na Butembo mpaka injini zikamla masikio. Redio ya nyumbani ilikuwa kwake mvumo wa nyuki, basi. Kaske za studio, nikifungua sauti hadi mwisho, ndizo pekee zilizompa maneno. Alisikiliza mikono ikiwa magotini, na nje ya kaske sisi wengine tulisikia mnong'ono mdogo tu wa sauti ya mama, usioeleweka. Mimi nilibonyeza, nikahakikisha inakwenda, nikatoka kufanya kazi zangu.

Kuna kitu kingine. Mwaka mmoja kabla ya mambo ninayoyaeleza, baba aliniletea kadi ndogo ya memori, zile za kuingiza kwenye redio za Kichina, ameifunga vizuri ndani ya karatasi ya daftari.

"Uniwekee mama yako humu," akasema.

"Papa, hata nikimuweka humo hautamusikia."

"Najua. Nataka tu niwe naye mu mufuko."

Nikamwambia kesho. Nikatia kadi ndani ya droo ya meza yangu, na kesho hiyo haikufika. Ningeweza kusema nilikuwa na kazi nyingi. Sikuwa na kazi nyingi. Nilipenda aje. Mtu huyu aliyetulea akiwa barabarani, ambaye tulimjua kwa honi zaidi kuliko kwa uso, sasa alikuja kwangu kila wiki akiwa amevaa koti, na watu wa redio wakamwinukia kwa heshima. Akiwa na mama mfukoni, angekuja kufanya nini?

Sasa shefu. Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi mkuu wa redio, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye koti la bluu lililopigwa pasi na tabia ya kusimama nyuma ya mtu anayeandika mpaka mtu huyo akosee. Kompyuta zetu zilikuwa zimechoshwa na virusi. Watu walileta matangazo yao ya vifo na harusi kwenye vijiti vya USB vilivyopita kila secrétariat ya mji, vile vibanda vya kuchapa na kunakili karatasi, na kila kijiti kilituletea ugonjwa wake. Shefu akafuta mfumo wa zamani, akaweka Linux. Na kwa kuwa mashine yenyewe ilikuwa kuukuu, haikukubali madirisha na picha nyingi kwa wakati mmoja, akatufundisha kufanya kazi kwenye dirisha jeusi: unaandika amri, unabonyeza, mashine inatii. Herufi mbili mbili tu. Cp inakili, mv inahamisha, rm inafuta.

Rm ilitutisha sote. Shefu akacheka.

"Musiogope," akasema. "Hii iko inaulizaka."

Na kweli iliuliza. Ukiandika rm na jina la faili, mashine yetu, iliyozungumza Kifaransa, ilikurudishia swali: kweli unataka kufuta hii? Unajibu o, yaani oui, au n, yaani non. Mimi niliiona ni mashine yenye adabu kuliko watu wengi ninaowajua.

Kutokana na adabu hiyo tukabuni namna yetu ya kufanya usafi, ambayo sijaiona popote pengine. Majina ya faili zetu yalikuwa marefu, yenye tarehe na vistari, na kuyaandika moja moja ilikuwa adhabu. Kwa hiyo tuliingia ndani ya folda, tukaandika rm na alama ya nyota, maana yake futa kila kilichomo humu, halafu tukakaa sawa kwenye kiti. Mashine ingeleta majina moja baada ya jingine, na sisi tungechagua: o, o, n, o, n, kama mtu anayechambua maharagwe kwenye ungo. Nyota kwetu haikuwa hatari. Ilikuwa namna ya kuita majina darasani. Katika kazi hiyo mimi nilikuwa mwepesi kuliko wote, na nilijivunia vidole vyangu. Tangazo la sabuni la mwaka uliopita, o. Mkutano wa wafuga ng'ombe wa Masisi, o. Mama, n. Kila baada ya miezi michache jina la faili la mama lilipita mbele yangu na nikalijibu n, wakati mwingine nikiwa naongea na mtu mwingine, bila hata kuangalia vizuri.

Shefu akapata kazi Bukavu, akaondoka. Tulimfanyia karamu ya soda na samosa. Alitoa hotuba ndefu kuhusu nidhamu.

Baada ya yeye kuondoka, mashine ilianza kuugua. Diski yake ilitoa sauti ya tik, tik, kama inahesabu siku zake. Mkurugenzi, mama mmoja mwenye haraka na asiyependa maelezo, akaleta kompyuta nyingine iliyotumika, akaniuliza kama ninaweza au tumwite shefu. Nikasema ninaweza. Kichwa kilinivimba, siwezi kuficha. Nikaweka Linux kwa mikono yangu, nikanakili hifadhi yote ya redio, folda kwa folda, nikafungua sauti moja hapa na moja pale kuhakikisha. Ya mama nilifungua pia. Niliisikiliza sekunde chache, nikasikia kelele za soko, nikafunga. Wiki iliyofuata diski ya zamani ilinyamaza kabisa, na hakuna aliyeisikitikia.

Kulikuwa na onyo, na mimi nililiona. Kwenye mashine ya zamani tulikuwa na neno fupi, "arshivi", ukiliandika linakupeleka moja kwa moja kwenye folda ya hifadhi. Kwenye mashine mpya niliandika arshivi, ikajibu kwamba haijui amri hiyo. Nikasonya. Nikaandika njia ndefu, na kesho yake nikaandika njia ndefu tena, na sikujiuliza hata mara moja neno lile lilikuwa limetoka wapi na lilikuwa limeondoka pamoja na nini.

Jumamosi moja asubuhi mkurugenzi alipita mlangoni akasema diski imejaa, watu wa habari wanashindwa kurekodi, nisafishe kabla ya saa sita. Nikaanza na folda ya kilimo kwa sababu ndiyo iliyokuwa na takataka nyingi. Nikaandika rm, nafasi, nyota. Nikaweka kidole kimoja juu ya o na kingine juu ya n. Nikabonyeza.

Hakuna kilichotokea. Kishale kilirudi mwanzo wa mstari, kikawa kinapepesa. Nikangoja swali la kwanza. Nilifikiri mashine imechelewa, kwa kuwa faili zilikuwa nyingi. Nikangoja nikiwa nimeinua vidole, na sijui nilingoja muda gani. Niliagiza inionyeshe vilivyomo ndani ya folda. Haikuonyesha kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu.

Niliita jina la mama yangu, kwa sauti, mbele ya kompyuta. Mtu wa habari akachungulia akauliza nimepatwa na nini, nikamwambia atoke.

Wanaojua kazi hii watasema faili iliyofutwa haiondoki mara moja, inabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Najua. Lakini katika chumba cha pili walikuwa wakirekodi habari za mchana kwenye diski ileile, na kabla sijakimbia kuwazuia walikuwa wamejaza robo saa ya maneno juu ya wafu wetu. Siku mbili niliendesha programu ya kutafuta mabaki. Ilinirudishia vipande thelathini na kitu, visivyo na majina. Nilivisikiliza vyote, neno kwa neno. Sabuni. Nusu ya mahubiri. Mtu anayeeleza chanjo ya ng'ombe. Katika kipande kimoja nilisikia kelele za soko na mwanamke anavuta pumzi aanze kusema. Alikuwa mwanamke mwingine, anauza vitunguu.

Nikampigia simu shefu Bukavu. Nilidhani kompyuta mpya ina kasoro, na nilitaka aniambie hivyo.

"Ah, ile swali," akasema. "Ile ni mimi nilikuwa niliweka."

"Uliweka nini?"

"Alias. Mustari moja tu, mu fishie ya kufichama. Rm ya kweli haiulizake mutu. Haijawahi kuuliza."

Akanieleza kwa sauti ile ya hotuba. Alias ni jina la kusimama mahali pa jingine: unaiambia mashine kwamba kila nikiandika hiki, wewe usome kile. Yeye aliiambia kwamba kila mmoja wetu akiandika rm, mashine isome rm pamoja na alama ndogo inayoilazimisha kuuliza kwanza. Mstari huo aliuandika katika faili ambayo jina lake linaanza na nukta, na faili za nukta hazionekani usipoziomba zionekane. Neno letu la arshivi lilikuwa humohumo. Mimi nilinakili folda zinazoonekana. Miaka yote ile nilikuwa nimezoea adabu ya shefu nikidhani ni adabu ya mashine.

"Na sababu gani haukutuambia?"

"Niwaambie nini? Nilikuwa nabalinda. Mutu akifichaka kisu, haambiake batoto mahali kiko."

"Mimi nilikuwa na miaka makumi tatu na ine, shefu."

"Basi ungesoma," akasema.

Nilimchukia, na bado sijamaliza. Alitufundisha kuandika amri inayofuta kila kitu, tukaiandika mbele yake mamia ya mara, nyota kwa nyota, na yeye amesimama nyuma yetu na koti lake la bluu akijua kwamba kati yetu na shimo kuna mstari mmoja aliouandika yeye na asiotaka tuujue. Angesema neno moja tu katika hotuba ile ya soda. Lakini chuki hainitoshi, kwa maana neno lake la mwisho halikuniacha. Ningesoma. Kitabu cha maelezo ya rm kimo ndani ya mashine yenyewe, unaandika herufi chache unakiona. Na kadi ilikuwa ndani ya droo.

Jumapili ya kwanza nilimwambia baba mashine ni mgonjwa. Akasema, "Pole yake," akarudi nyumbani. Jumapili ya pili nikamwambia hivyo hivyo. Ya tatu alileta ndizi, sijui ni zangu au za mashine. Ya nne nikaamua nimwambie, na hapo nikakumbuka kwamba huwezi kumwambia baba yangu jambo lolote polepole.

"Papa, nilimufuta mama!"

"Unasema?"

"Nilimufuta! Mama! Haiko tena!"

Ilinibidi nipaze sauti mpaka ukumbi mzima ukanyamaza. Mtangazaji alitoka na karatasi zake akasimama mlangoni. Watu wengine huungama kwa kunong'ona nyuma ya pazia, na padri anawajibu kwa kunong'ona. Mimi niliungama kama anayeita moto barabarani.

Baba aliitazama kompyuta. Mara nyingi, akishavua kaske, alikaa karibu nami nikichambua faili, alijua kazi ilivyokuwa inakwenda.

"Haikukuuliza?"

"Haikuniuliza, papa!"

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa habari za kijana wa jirani. Akageuza kofia yake mara moja, mara mbili.

"Na ile kadi yangu?"

Nikafungua droo. Ilikuwa bado ndani ya karatasi yake ya daftari, haijafunguliwa. Nilimpa. Aliifungua, akaiangalia, akakunja tena karatasi kwenye mikunjo ileile, akaitia mfukoni mwa koti. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Siku hizi nafanya kazi ofisi nyingine, na watu huniambia nina roho ngumu na wanaojifunza. Kwenye mashine zangu rm ni rm. Simvalishi mtu kitu asichokijua. Anayetaka kufuta bila hofu namfundisha aandike alias yake mwenyewe, kwa jina jingine kabisa, inayotupa faili kwenye sanduku badala ya kuiua, na namfanya aisome kwa sauti, neno kwa neno, na kunieleza itatokea nini siku atakapokaa kwenye mashine ya mtu mwingine. Msichana mmoja alilia. Nilimwacha alie, kisha nikamwambia asome tena.

Baba sasa mimi ndiye ninayemfuata nyumbani, kila Jumapili baada ya misa. Tunakaa uani, kwenye mawe meusi aliyoyasawazisha yeye mwenyewe. Mara nyingi hatusemi. Mwezi uliopita nilimkuta anachambua maharagwe, kazi ambayo mama akiwa hai hakuigusa, na midomo yake inatembea. Nikasogea. Alikuwa anasema zile dakika kumi na nne. Alikuwa nazo zote kichwani: swali la mwandishi, jibu la mama, maharagwe yaliyolowekwa, mama akikohoa, mama akimkemea mtu aliyempita na toroli. Alifika Rumangabo. Akamwingiza dereva chini ya lori, akawapa abiria huruma yao, akamlaza usingizi. Halafu akakoma.

"Hapa ndiyo anachekaka," akasema.

Nikaitikia.

"Mimi siwezi ile cheko. Wewe uko na sauti yake, batu bote banasemaka. Cheka kidogo, nisikie."

Nikasogeza mdomo karibu na sikio lake la kulia, lenye uhai kidogo, nikacheka. Alisikiliza macho yamefumbwa, kisha akatikisa kichwa.

"Hapana. Haiko ile. Hauikumbuke? Si mulikuwa munasikiaka kila dimanshi, misa ikiisha?"

Ningeweza kucheka tena kwa namna nyingine, na nyingine, mpaka moja imridhishe. Nilikuwa tayari nimevuta pumzi. Lakini uongo wa mashine mgonjwa ulikuwa umenichosha, na kwa mara ya pili maishani nikampigia baba yangu kelele nikimwambia nilichofanya. Kwamba mwenye kusikia kwenye kaske ni mmoja tu. Kwamba nilibonyeza tu na kutoka. Kwamba hata siku ya kunakili nilisikiliza soko nikafunga. Kwamba dakika zile sijawahi kuzisikia mpaka mwisho, wala mara moja, kwa sababu zilikuwepo tu siku zote.

Alirudi kwenye ungo wake. Akaokota jiwe dogo, akalitupa, akaokota jingine.

"Kumbe nilikuwa nasikilizaka peke yangu," akasema.